Daftari la Kodi

Mama hakujua Kifaransa. Alijua kuandika tarehe.
Ndiyo maana kazi yote ya Odile Bastaroux,
mtunzi wa riwaya za nyota na majini ya chuma,
imo humu, kwenye daftari la mistari
lililopauka kwa moshi wa kuni:
Njoro, chumba cha nyuma, dirisha la mlimani.

*Machi 1984. Odili. Amelipa mwezi mmoja. Ana taipureta.
Usiku inalia kama kuku anadonoa bati.*

Alikuja Moshi kupanda mlima. Hakupanda.
Siku ya kwanza aliona migomba na kijivu kitupu,
mpaka saa kumi na mbili jioni mawingu yakaachana
na Kibo ikawa imesimama palepale ilipokuwa mchana kutwa.
"Mlima ulikuwa wapi?" akauliza.
Mama alikuwa anamenya ndizi za mtori, hakuinua kichwa.
"Ulikwenda kutembea."
Basi. Kitabu cha kwanza kilianzia kwenye maganda.

*Novemba. Hajalipa. Anasema Parisi wamekataa.
Januari. Hajalipa. Wamekataa wengine.
Machi. Hajalipa. Amenipa saa yake, nimeirudisha.
Nitaifanyia nini saa inayofuata majira ya kwao?*

Mimi ndiye niliyetumwa posta na zile bahasha.
Nilipita kando ya reli, kiwanda cha kahawa kinanuka asubuhi,
nikalamba stempu mpaka ulimi ukakakamaa.
Sikujua nimebeba sayari.
Ningejua, nisingeikalia nikitafuna muwa.

*1987. Amelipa miezi kumi na minane! Choo kimeezekwa.*

Walimpa tuzo huko, sahani ya shaba yenye jina lake.
Mama aliigonga kwa kidole: "Inapikia?"
Odile alicheka hadi akakaa chini,
na kwa miaka tisa mlima wake ulitembea,
vitabu saba, ukivuka bahari ya kioo,
ukilala juu ya miji, ukiomba moto kwa majirani
kama Mawenzi alivyoomba, akapigwa mchi.
Watoto wa Kifaransa walimwandikia barua.
Stempu zao nilizibandua kwa mvuke wa chai.

Kisha mchapishaji akauza duka.
Mpya alitaka majoka.
"Nimewapa mlima," aliniambia, "wanataka majoka."
Akawapa. Majoka matatu, mwaka baada ya mwaka.
Kodi haikuchelewa hata siku moja,
na taipureta ikawa na sauti ya mtu
anayeosha vyombo vya nyumba isiyo yake.

*2003. Amelipa. Hali vizuri.
2004. Amelipa. Nimempelekea kisusio, amekirudisha.*

Kitabu cha kumi na moja hakikuwa na joka.
Nakala mia nane, nyingi zilirudi ghalani.
Macho yake yalikuwa yameanza ukungu;
dada yake akaja, akafunga sanduku moja,
akatuachia jingine.

*Juni 2009. Chumba kiko wazi.*

Hakikupangishwa tena. Mama alisema kinavuja.
Hakivuji.

Juzi nilimwita Kanuti Lyatuu, anayeongoza watalii wa Kifaransa,
akaketi barazani na kile cha mwisho,
akatufasiria polepole, kidole kwenye mstari.
Kuna malkia, anaitwa Ndeana,
anayetoza kodi kwa nyota.
Nyota ikichelewa miezi mitatu, anaizima.

Mama, miaka themanini na mbili, Ndeanasia binti Mlay,
alinyamaza kiasi cha kusikia maji ya mfereji.
"Mlima kutembea, sawa," akasema.
"Majini ya chuma, sawa, kila mtu na wa kwao.
Lakini mimi nimemzimia nani taa?"

Akaagiza daftari. Akapekua hadi mwaka ule,
Hajalipa, Hajalipa, Hajalipa,
akaziba neno moja kwa gumba, akalifunua.

"Kanuti, rudia hapo.
Hiyo nyota inadaiwa miezi mingapi?"
Nami tayari nilikuwa ndani, natafuta kalamu.